Mkia Usio na Upepo

Puto la kusokotea wanyama ni jembamba na refu. Likijaa hufikia upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, ndiyo maana mafundi huliita 260. Mgeni wa kazi hulijaza mpaka nchani, na msokoto wa tatu haufiki kabla halijampasukia usoni. Fundi huacha mkia mtupu. Kila msokoto husukuma upepo mbele, na upepo uliosukumwa unataka pa kwenda. Akiombwa upanga huacha kipande kidogo tu, kwa kuwa upanga una misokoto michache. Akiombwa mbwa huacha kama upana wa kiganja. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: kabla hajafunga fundo, ameshahesabu miguu, shingo na masikio, na hesabu yenyewe imo katika kile ambacho hakukijaza.

Mbwa huanzia kwenye fundo. Kiputo cha kwanza ni pua, viwili vinavyofuata ni masikio. Hukunjwa pamoja na kusokotwa shinani mpaka vikabane. Kisha shingo na miguu ya mbele, kiwiliwili na miguu ya nyuma. Kinachobaki ni mkia. Vidole haviachii kiputo cha kwanza, kwani msokoto usiofungwa hujifungua, na kusokota ni kwa upande mmoja tu. Wakati wote huo puto linalia mlio ule wa kutia meno ganzi. Watoto wanacheka, wazazi wanakunja nyuso.

Puto la mpira halikuanzia kwenye sherehe za watoto. Mwaka 1824, katika Royal Institution jijini London, Michael Faraday alihitaji mfuko wa kuwekea haidrojeni. Alilaza kipande cha mpira mbichi juu ya kingine na kubana kingo, ambazo zilishikana zenyewe. Ndani alipaka unga ili pande mbili zisigandane. Unga! Mwanasayansi mkubwa namna ile, na dawa yake ilitoka jikoni. Mwaka uliofuata Thomas Hancock akauza mpira ulioyeyushwa pamoja na bomba la sindano, mnunuzi ajitengenezee puto mwenyewe.

Mnyama alikuja baadaye. Mwaka 1931, Neil Tillotson wa Massachusetts alikata kadibodi kwa umbo la kichwa cha paka, akaichovya katika utomvu wa mpira, na puto likatoka na masikio yake. Lakini paka yule alizaliwa na kalibu. Msokotaji hana kalibu, wala gundi, wala mkasi.

Kuna mbwa mwingine wa puto, wa msanii Jeff Koons, aliyeuzwa New York mwaka 2013 kwa dola milioni 58.4. Ni wa chuma cha pua, ana kimo cha zaidi ya mita 3, anang'aa rangi ya chungwa. Misokoto yote anayo, hata fundo la puani. Ni kazi nzuri, sibishi. Ila mle ndani hamna upepo uliokuwa ukitafuta pa kwenda, na Koons hakuwa na foleni ya watoto mbele yake, kila mmoja akitaka wa kwake awe mkubwa kuliko wa mwenzake.