Igeuze Kwanza

Uliza wasee wa Nairobi wakushauri kipakatalishi cha kununua, na ligi itaanza hapo hapo. Wa ThinkPad upande huu, wa MacBook upande ule, na yule mmoja anayeapa kwa HP ya shangazi yake. Kila mtu ana ushahidi, na ushahidi wenyewe ni mashine moja. Hata ushabiki wa Gor na Ingwe una hesabu kuliko huu.

Tuchukue ThinkPad, maana ndiyo inayosifiwa kwa uvumilivu. IBM iliitoa 1992, Richard Sapper akiwa amechota umbo lake kwenye bento, kisanduku cha chakula cha Wajapani. Mwaka 2005 biashara hiyo ikahamia Lenovo. T420 ya 2011 ni kazi safi: betri inachomoka kwa vidole, memori na diski zinafikiwa kwa bisibisi ya kawaida. Yangu ni mtumba wa ofisi. Nimeibadilisha betri na diski, na ingali inadunda.

Sasa fungua X1 Carbon. Jina ni lile lile la ThinkPad, ila memori imechomelewa kwenye bodi, kama ya MacBook Air tangu ile ya kwanza ya 2008. Ikifa, fundi wa kawaida atakupa pole tu. Sifa alizochuma babu, mjukuu anazila bila jasho.

Noma zaidi ni kwamba hata mashine nzima inaweza kutangazwa marehemu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu zote ziwe prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. T420 ni kizazi cha pili. Mimi niliiwekea Linux nikaendelea. Lakini mwanafunzi aliyejichanga mwaka mzima anunue mtumba wake wa kwanza, akauziwa kizazi cha sita kwa sababu nembo ni nzuri, nani atamwambia?

Basi ukifika dukani Moi Avenue, nembo iache kwanza. Geuza mashine. Memori inatoka? Betri yake inapatikana mtaani? Prosesa ni kizazi cha ngapi? Muuzaji akianza kukuimbia jina la kampuni, uliza tena.