Crowhurst Alishindwa Kabla ya Kung'oa Nanga

Kila anayeizungumzia safari ya Donald Crowhurst huanzia kwenye uongo wake: taarifa za redio za kubuni kuhusu mahali alipo, na zile maili 243 alizodai kuzikata kwa siku moja mwezi Desemba 1968. Filamu ya The Mercy ya mwaka 2018 nayo ilifuata njia hiyo hiyo, ikaelemea machozi na suala la chombo ikalipitia mbiombio. Ukitaka kuona mambo yalivyokwenda, filamu ya Deep Water ya 2006 inakupa zaidi. Mimi nasema kosa lilitendeka nchi kavu, miezi kadhaa kabla ya neno la kwanza la uongo, pale alipoamua kuingia mbio za Golden Globe kwa trimarani. Alichagua kuizunguka dunia peke yake, bila kutia nanga popote, kwa aina ya chombo ambayo hajapata kuiendesha hata siku moja.

Tulitazame vizuri chaguo lenyewe. Crowhurst alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki na baharia wa mwisho wa wiki, mwenye mashua ya futi 20 iitwayo Pot of Gold. Kwanza aliomba aazimwe Gipsy Moth IV, chombo alichozungukia dunia Francis Chichester mwaka 1966 na 1967. Akanyimwa, kikawekwa Greenwich kwa maonyesho. Ndipo akaigeukia Victress, ramani ya trimarani ya Mmarekani Arthur Piver: futi 40, miili mitatu, mkubwa katikati na miwili pembeni. Kilichomvuta ni kasi. Aliikokotoa kwenye karatasi, hesabu ikampendeza, akatoa agizo.

Mvuvi yeyote wa ngalawa angemwambia kilichokosekana kwenye hesabu hiyo. Ngalawa na trimarani ni ndugu: zote mbili hazibebi farumi, zinasimama kwa upana wao, na zote zinaruka upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Upepo ukija usoni, mambo hubadilika. Kwenda bisho kunahitaji mkuku unaoshika maji, na Victress ilikuwa haina mkuku wa kutosha; ilikuwa inakwenda upande kama inavyokwenda mbele. La pili ni kubwa zaidi. Mashua ya mkuku mzito ikilazwa na wimbi huinuka yenyewe, uzito ukiivuta chini. Trimarani ikipinduka hubaki imepinduka, na imara kuliko ilipokuwa wima. Ngalawa ikipinduka karibu na mwamba, vijana wawili watatu wanaisimamisha. Kusini mwa Rasi ya Pembe (Cape Horn), mtu mmoja, chombo cha futi 40, nani ataisimamisha?

Crowhurst aliijua hatari hiyo, na hapa ndipo ninapokasirika kila ninaposoma habari zake. Jibu lake lilikuwa mfuko wa mpira juu ya mlingoti. Chombo kikianza kupinduka, vihisio kwenye mwili vingegusa maji, mtambo wake ungeamuru gesi iujaze mfuko, na mfuko ungeuzuia mlingoti usizame zaidi. Wazo si la kijinga. Lakini ona alichofanya: alichagua chombo chenye dosari inayoua, akaifunika dosari hiyo kwa kifaa kisichokuwepo bado, kisha akapanga kukimaliza njiani. Nyaya zilitandazwa ndani ya chumba, za rangi rangi, zikielekea mahali ambapo mtambo ungekaa. Mtambo haukukaa kamwe. Chombo kilipopatikana, nyaya zilikuwa zinaishia hewani.

Piver mwenyewe, mchoraji wa ramani ile, alitoweka baharini Machi 1968 akiwa ndani ya trimarani ya kuazima huko California. Mwaka huo huo Crowhurst akaagiza ya kwake.

Mafundi wa Brundall, Norfolk, waliomalizia chombo hicho walifanya walichoweza kwa muda waliopewa. Kilishushwa majini tarehe 23 Septemba, kwa jina la Teignmouth Electron. Safari ya kwenda Teignmouth, bandari ya kuanzia mbio, ilipangiwa siku tatu. Ilichukua siku 13, maana upepo ulikuwa wa magharibi, usoni, na Teignmouth Electron ikawa inapiga bisho huku na huku katika mlango wa bahari ikirudi karibu palepale ilipoanzia. Bahari ilikuwa imeshampa majibu ya mtihani, bure, karibu na nyumbani. Wiki mbili na ushei zilikuwa zimebaki kabla ya tarehe ya mwisho ya kuondoka, 31 Oktoba. Angeweza kusema hapana.

Gazeti la Sunday Times nalo sitalisamehe. Ndilo lililotangaza mbio, likaweka tarehe na zawadi ya pauni 5,000, na halikumtaka mshiriki athibitishe kwamba amewahi kusafiri peke yake. Halikutaka hata chombo kikaguliwe. Nimeandika mara nyingi kwamba anayeweka tarehe ya mwisho bila kuweka ukaguzi anakaribisha msiba, na sijaona sababu ya kubadili msimamo. Tena mkataba wa Crowhurst na mfadhili wake, Stanley Best, ulikuwa na kipengele kwamba mambo yakiharibika, kampuni ya Crowhurst itainunua trimarani. Akirudi, anafilisika.

Akatoka tarehe 31 Oktoba jioni. Kabla hajamaliza wiki moja baharini, skrubu za usukani wa kujiendesha zilikuwa zinafunguka kwa mtikisiko na kudondoka moja baada ya nyingine. Akaba hakuwa nazo, akawa anang'oa za sehemu nyingine kuziba hizi. Kifuniko cha mwili wa kushoto kikavuja. Mpira wa pampu ya kunyonya maji ya ngama ulikuwa umesahaulika Teignmouth, kwa hiyo akafua maji kwa ndoo, kifuniko wazi, mawimbi yakirudisha alichotoa. Katikati ya Novemba aliandika kwenye batli kwamba nafasi ya kupona Bahari ya Kusini ni nusu kwa nusu. Machi 1969 alitia nanga kwa siri Argentina, kinyume cha kanuni, atafute mbao za kubandika mwili wa kulia uliopasuka. Tarehe 10 Julai meli ya barua Picardy iliikuta Teignmouth Electron inaelea bila mtu.

Wapo wanaomtetea kwa kumtaja mshindani mwenzake, Nigel Tetley. Ni kweli, Tetley alikwenda na Victress ya ramani ile ile, akaipita Rasi ya Pembe na karibu azimalize mbio. Lakini Tetley alikuwa ofisa wa jeshi la majini aliyeishi na mkewe ndani ya chombo chake. Alijua kila mbao inayolia. Na bado ilivunjika. Akiamini, kwa taarifa zile za uongo, kwamba Crowhurst anamkaribia, aliibana mno, ikazama chini yake tarehe 21 Mei 1969, maili kama 1,100 kutoka nyumbani. Mfano wa Tetley unamhukumu Crowhurst mara mbili.

Sasa mweke Crowhurst kando ya mshindani mwingine, Robin Knox-Johnston. Naye alitaka chombo kikubwa kipya, futi 53, cha chuma, akakosa pesa. Tofauti ni kwamba alirudi kwenye kile alichokijua. Suhaili ilikuwa ya futi 32, nzito, ya mwendo wa pole, imejengwa Bombay kwa msaji na mafundi wa tezo na keke. Alikuwa ameshaitoa India, akasimama Afrika Kusini kufanya kazi apate pesa, akaendelea hadi London bila kusimama. Kabla ya mbio alikuwa anajua mahali inapovuja.

Na ilivuja. Kusini mwa visiwa vya Cape Verde, kalafati ya chini ya maji ilikuwa imelegea pande zote mbili. Alipiga mbizi na pamba na nyundo, pumzi baada ya pumzi, pamba ikakataa kushika. Akapanda, akaishona pamba kwenye ukanda mwembamba wa turubai, akaupaka lami, akashuka tena kuugongomea kwa misumari ya shaba, kisha akaufunika kwa bati la shaba. Katikati ya kazi akaja papa. Akapanda, akampiga risasi, akangoja kuona kama atafuatwa na wenzake, akarudi majini. Mtu hafanyi hivyo kwenye chombo ambacho ramani yake anaijua kwa kusoma. Tarehe 22 Aprili 1969 aliingia Falmouth baada ya siku 312, wa pekee kumaliza kati ya washiriki tisa. Zawadi ya pauni 5,000 akaipa familia ya Crowhurst.

Chay Blyth, mshiriki mwingine, ambaye hakujua hata kupanga matanga siku aliyoondoka, alikwenda na Dytiscus III, mashua ya kifamilia ya mapumziko. Chaguo baya nalo. Lakini alipoona haiwezi, aliziacha mbio Afrika Kusini, na mwaka 1970 akatoka na chombo kinachofaa.

Haya nayaandika kwa sababu naona wenzetu wenye pesa zao wakinunua boti ya kwanza yenye chumba kwa njia ile ile ya Crowhurst. Wanauliza vitanda vingapi, friji iko wapi, injini ina nguvu farasi ngapi, inakimbia vipi. Muuzaji anawatembeza bandarini asubuhi maji yametulia, wanalipa. Ndugu msomaji, ukitaka boti yako ya kwanza, usilipe kabla hujatolewa nje ya mwamba siku ya kusi, mchana, pua ikielekea upepo, kwa saa mbili nzima. Ukirudi, fungua vifuniko vyote uone maji yameingia wapi, kisha iwashe pampu ya ngama mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, ondoka na pesa zako.