Mji katika Vidole vya Msusi

Watu wengi hudhani ya kuwa filamu ya katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima akiitazama hupoteza wakati wake. Nakuomba, msomaji, tuipime dhana hii kwa filamu moja ya Kenya, nayo ni Yellow Fever. Aliitunga Ng'endo Mukii mwaka 2012, alipokuwa akimaliza masomo yake katika Royal College of Art, London. Urefu wake ni dakika saba hivi, na mwaka uliofuata ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Chicago.

Maana ya jina lake ni homa ya manjano, lakini ugonjwa usimuliwao humo hauletwi na mbu. Ni ugonjwa wa kuichukia ngozi yako mpaka ukaichubua. Sisi wa pwani, tangu Kilifi hata Malindi, hatuhitaji kufasiriwa neno mkorogo.

Mtungaji hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa jambo la kila siku mjini, yaani kusukwa nywele. Anamkumbuka mwanamke ambaye ngozi yake ilichubuliwa ikawa nyeupe, ila vifundo vya vidole vilikataa kubadilika, vikabaki vyeusi. Kila msichana aliyepata kukaa kati ya magoti ya msusi anajua jinsi vidole vile vipitavyo karibu na macho. Hapo ndipo mtoto ajifunzapo mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumfundisha.

Sasa tuuangalie ufundi wake. Kamera hupokea lolote lililo mbele yake: vumbi, nzi, hata mpita njia asiyehusika. Mchoraji hapati kitu bure. Kila mstari sharti auchague mwenyewe. Kwa hiyo tuonapo kitu kidogo katika katuni, tujue yupo mtu aliyekitazama kwa makini akaamua kwamba kinastahili kuonekana.

Tena, sauti nyingine zisikikazo humo ni za mazungumzo ya kweli na jamaa za mtungaji. Mmoja wao ni mtoto wa kike, mpwa wake, asemaye waziwazi kwamba angependa kuwa mzungu. Lau tungeonyeshwa uso wake tu, labda tungemcheka au tungemlaumu mama yake. Mchoro watupeleka kwingine: twaingia katika mawazo ya mtoto, tukaona kile anachokitamani. Hapo kicheko hukoma.

Walakini ipo. Filamu hii huruka kutoka michoro hadi miili ya wachezaji ngoma walio hai, kisha ikarudi, na mtazamaji wa mara ya kwanza aweza kupotea njia. Wengine watalalamika pia kwamba haitoi dawa. Lawama ya kwanza naikubali. Ya pili siikubali. Mficha maradhi kifo humwumbua, na kazi ya filamu hii ni kuyafichua.

Wageni waichorapo Malindi huchora mnara wa Vasco da Gama, bahari na minazi. Hayo yapo, nayo ni mazuri. Lakini mji wetu ni zaidi ya hayo. Mji ni muuza viazi karai akikung'uta mafuta, ni msukuma mkokoteni akiomba njia, ni msichana akisukwa kizingitini huku akisikiliza mazungumzo ya wakubwa. Nani atawachora hawa, kama si wewe uliyekua nao?

Basi chukua penseli leo jioni. Chagua mikono ya mtu mmoja umpendaye, uichore kama ilivyo, pamoja na weusi wake na makunyanzi yake, bila kuipamba. Kisha mwonyeshe mdogo wako. Mtoto aliyezoea kuona mikono ya mama yake imechorwa kwa heshima hatakuwa mwepesi wa kutamani mikono ya mtu mwingine.