Wimbo wa Bembezi Unaoamsha: Imani na Haki katika Wimbo wa Taifa la Kenya kwa Msikilizaji wa Ngao

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuusoma Wimbo wa Taifa la Kenya kama shairi. Wimbo huu huimbwa na mamilioni ya watu, nao hujulikana kwa moyo tangu utotoni, lakini ni nadra kuona ukihakikiwa kwa fani na maudhui yake. Aghalabu hutazamwa kama nembo ya dola, kama bendera na ngao ya taifa, na nembo husalimiwa badala ya kusomwa. Hoja yetu ni kwamba wimbo huu ni sala yenye utata ndani yake, na kwamba utata huo unadhihirika zaidi ukimchukua msikilizaji mmoja mahsusi: kijana Mkristo wa Ngao, kando ya Mto Tana, karibu na Garsen.

Kijana huyu si mtu mwenye jina. Ni msikilizaji tunayemkadiria, kwa mujibu wa nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss, ambayo hutaka matini yachunguzwe kwa kuzingatia upeo wa matarajio wa anayeyapokea. Tumemchagua wa Ngao kwa sababu upeo wake una tabaka tatu ambazo msikilizaji wa Nyeri au Kisumu hana: lahani ya wimbo huu imetoka kwa jamii yake, kanisa liko kwao tangu zama za babu zake, na suala la haki limemgusa mlangoni pake.

Usuli wa Matini

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikikaribia uhuru wa tarehe 12 Desemba, tume ya watu watano ilipewa jukumu la kuutayarisha wimbo wa taifa. Wajumbe wake walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani iliyochaguliwa ni ya wimbo wa bembezi wa Wapokomo, na aliyeitoa ni Mzee Meza Morowa Galana. Maneno yaliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo, tangu kuzaliwa kwake, wimbo huu una umbo la fasihi simulizi ya mto na maneno ya fasihi andishi ya dola.

Upande wa dini nao una historia. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani waliweka kituo chao Ngao mwishoni mwa miaka ya 1880, huku Wamethodisti wakiwa wametangulia Golbanti. Agano Jipya lilichapishwa kwa Kipokomo mwanzoni mwa karne ya 20. Wapokomo wa sehemu za chini za mto ni Wakristo kwa wingi, wale wa juu wengi wao ni Waislamu, na majirani zao Waorma, wafugaji, ni Waislamu. Kijana tunayemzungumzia amekulia katika mazingira ambamo wimbo wa kanisani, wimbo wa mama na wimbo wa gwaride la shule hufuatana katika juma moja.

Kiambishi Kinachosumbua

Ubeti wa kwanza ni wa mishororo sita. Kwa macho ya arudhi ya jadi una kasoro, maana mizani haitoshani na vina havikutimizwa. Hilo ni tokeo la maneno kukatwa yalingane na lahani iliyokuwapo kabla yake, na halitushughulishi sana. Linalotushughulisha ni sarufi.

Ubeti unaanza kwa kumwita Mungu na kumtaja kuwa nguvu ya wenye kusali. Baada ya mwito kama huo, muumini angetarajia kitenzi chenye kiambishi cha nafsi ya pili, yaani *ulete* au *utuletee*, kwa kuwa ndivyo sala za Kiswahili zinavyosemwa, kanisani na msikitini. Matini hayasemi hivyo. Kitenzi kinachohusu kuleta baraka kimepewa kiambishi *i-*. Kiambishi hicho hakiwezi kurejelea nomino *Mungu*. Kinaafikiana na nomino *nguvu*. Nguvu ndiyo inayoombwa ilete baraka.

Msomaji anaweza kusema kwamba nguvu hiyo ni Mungu mwenyewe aliyetajwa kwa sifa yake, na usomaji huo ni halali. Lakini sarufi inaruhusu usomaji wa pili: kwamba nguvu yetu sisi, tuliyoitoa kwa Mungu, ndiyo inayotakiwa kuleta baraka. Matini hayaamui kati ya hayo mawili. Hivyo swali la zamani la theolojia, la neema na matendo, limefichwa katika silabi moja ya kitenzi. Anayeusoma ubeti kwa njia ya kwanza hungoja. Anayeusoma kwa njia ya pili hujiuliza amefanya nini kwa nguvu aliyopewa.

Haki Kabla ya Amani

Jambo la pili ni mpangilio. Baada ya baraka, kinachoombwa kwanza ni haki, nayo inaombwa iwe kinga na mlinzi wa watu. Undugu, amani, uhuru, raha na ustawi vinafuata nyuma yake. Mshororo wa haki una mizani 10, ilhali ile miwili inayoutangulia ina mizani 8 kila mmoja. Neno *haki* limewekwa mwanzoni mwa mshororo, mahali ambapo pumzi ya mwimbaji ni mpya. Kinga hiyo imeitwa kwa neno ambalo pia ni jina la kijiji cha msikilizaji wetu. Hatulitumii hilo kama hoja ya asili ya jina. Tunasema tu kwamba mtoto wa Ngao hawezi kuupita mshororo huo kwa masikio ya mtoto mwingine.

Mpangilio huu una uzito katika Delta ya Tana. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, yaliyoikumba Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Nyuma ya mapigano hayo kulikuwa na ugomvi wa ardhi, malisho na njia za kufikia maji. Baada ya msiba wa namna hiyo, neno linalotangulia katika midomo ya wengi huwa ni amani. Ubeti unasema vingine: haki kwanza, amani baadaye. Nabii Yeremia aliwalaumu waliotangaza amani pale ambapo haikuwapo, naye Amosi aliifananisha haki na mto usiokauka. Kwa mtu wa Tana, tashibihi ya Amosi si pambo la lugha. Mto humpa mpunga na ndizi, na mto huohuo humfurika. Tena, tangu mabwawa ya juu yajengwe, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, maji yanayomfikia yameamuliwa kwanza na mtu mwingine. Anayesikia kwamba haki ni kama mto, huuliza nani ameushika mto.

Lahani ya Usingizi, Maneno ya Kuamka

Jambo la tatu, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, liko mwanzoni mwa ubeti wa pili. Neno la kwanza la ubeti huo ni amri ya kuwataka watu waamke. Msikilizaji asiyeijua asili ya lahani haoni ajabu yoyote, kwani nyimbo za taifa duniani hupenda miito ya aina hiyo. Lakini yule aliyewahi kubembelezwa kwa sauti iyo hiyo hukutana na kinaya. Sauti iliyotungwa ili mtoto alale sasa inambebea amri ya kuamka.

Hatuna ushahidi kwamba tume ilikusudia kinaya hiki, wala hatuuhitaji. Maana huzaliwa pale matini yanapokutana na msikilizaji wake. Kwa kijana Mkristo, mkutano huu unagusa imani moja kwa moja. Waraka kwa Waefeso unamwita aliyelala aamke. Injili ya Marko inamwonyesha Yesu akilala chomboni wakati wa dhoruba, na wanafunzi wakimwamsha kwa kumlaumu. Imani hiyo ina upande wa kubembeleza na upande wa kuamsha. Wahakiki wa mrengo wa Kimarx waliotawala uhakiki wetu katika miaka ya 1970 na 1980 waliona upande wa kwanza tu, wakaifanya dini kuwa dawa ya usingizi. Wacha Mungu wengi nao huutaka upande huo huo, ingawa kwa sababu nyingine. Wimbo huu unazipinga kambi zote mbili kwa umbo lake lenyewe, kwa kuwa sauti ni ya mama na neno ni la nabii.

Upungufu wa Matini

Haitoshi kusifu. Wimbo una upungufu ambao uhakiki hauna budi kuutaja. Neno *haki* halirudi tena baada ya ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili unadai bidii, kujitoa na kuilinda nchi. Wa tatu unadai ujenzi, wajibu, umoja kazini na shukrani. Mungu naye hatajwi tena. Haki imeombwa kwa Mungu, lakini haikutajwa miongoni mwa kazi za wananchi. Raia anayezifuata beti mbili za mwisho peke yake anaweza kuwa mchapakazi, mwenye shukrani na mlinzi wa mipaka, asiulize hata siku moja kama jirani yake ametendewa haki.

Tuulinganishe na kazi mbili za pwani. Katika *Uhuru wa Watumwa* (1934) cha James Juma Mbotela, ukombozi huletwa na Waingereza, na waliokombolewa huupokea kwa shukrani katika makao yao ya Frere Town. Imani na shukrani zimeshikana, na haki ni zawadi. Katika *Walenisi* (1995), riwaya ya Katama Mkangi, mwandishi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi dhalimu, kisha anajikuta katika nchi ya usawa ambayo watu wake wameijenga wenyewe. Jina la nchi hiyo likitenganishwa linasema kwamba wale ni sisi. Wimbo wa taifa umesimama katikati ya kazi hizi. Unaanza karibu na Mbotela na kuelekea kwa Mkangi, lakini hauufikishi mwendo huo mwisho wake.

Ndipo swali la nani ni ndugu linapoibuka. Ubeti wa pili unawaita ndugu waamke bila kusema ni akina nani. Matini hayakumtaja Kristo wala Mtume, japokuwa Kalume alikuwa kasisi. Jina la Mungu lililotumika ni lile ambalo Mkristo na Mwislamu wote hulitamka kwa Kiswahili. Asubuhi ya gwaride, mtoto wa Kiorma huimba lahani ya mama wa Kipokomo, kwa lugha isiyo ya nyumbani kwa yeyote kati yao. Fani, kwa hakika, imeshajibu swali ambalo maneno yameliacha wazi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kiambishi kimoja, mpangilio wa maombi na mgongano wa lahani na amri vinaugeuza wimbo huu kuwa sala isiyomruhusu mwenye kusali kukaa kando. Tumeonyesha pia kwamba matini yaliiacha haki katika ubeti wa kwanza. Kuivusha hadi katika ubeti wa pili ni kazi ya msikilizaji. Kijana wa Ngao aliupokea wimbo huu kwanza akiwa amebebwa. Kisha aliusimamia shuleni kwa mikono iliyonyooka. Mabadiliko ya maisha yanayomngoja ni kuusikia kwa mara ya tatu, safari hii akiwa mmoja wa wanaoombwa. Sala ya haki aliyofundishwa kuielekeza juu inamrudia kwa sauti ya mamaye, ikimtaka aangalie ng'ambo ya mto na kuuliza kama aliyeko huko naye amepata kinga.