Kuipima Mbege ya Krismasi

Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, yenye uchungu kidogo wa magome ya msesewa, inayopikwa na Wachagga kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo. Hupikwa mwaka mzima, lakini msimu wake mkubwa ni Desemba. Wachagga walio Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko hupanda mlimani kula Krismasi kwao. Tiketi za mabasi hugombewa mapema, na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa takribani robo karne, ilirejeshwa Desemba 2019, safari hizo zikiwa zimepamba moto. Mwezi huohuo hujaa ndoa, ubatizo, kipaimara na vikao vya ukoo, na kila shughuli hudai mbege yake. Kwa hiyo Desemba ndipo inapopatikana mbege nzuri kuliko zote, na ndipo mbege mbovu inapouzwa kwa wingi. Anayetaka kuzitofautisha hana budi kujua inavyopikwa, maana karibu kila kasoro inayoonekana ndani ya kata ilianza siku kadhaa nyuma, na nyingi zina chanzo kimoja, nacho ni mpishi kuzipunguza siku za mbege ili awahi sikukuu.

Hesabu ya siku huanzia mgombani. Ndizi ya mbege hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado mbichi, kisha huvundikwa, ama darini juu ya jiko ambako joto na moshi huifikia, ama shimoni ndani ya majani makavu ya mgomba. Huiva kwa takribani wiki moja. Mchare, aina ya ndizi ambayo ndiyo fahari ya jiko la Kilimanjaro, huachiwa zaidi mapishi ya mtori na machalari. Kwa pombe hupendwa ndizi zenye utamu mwingi, na kila upande wa mlima una aina zake na majina yake. Aina si jambo la kugombania sana. Kinachompima mpishi ni ukomavu. Ndizi iliyokatwa changa kwa pupa ya sikukuu hubadilika rangi ya ganda tu huku ndani ikibaki na wanga na utomvu, na mbege yake huacha ukakasi unaokaza ulimi na ufizi hata inapokuwa tamu. Ukakasi huo hauondolewi na chochote kitakachoongezwa baadaye. Anayeuonja hana haja ya kuendelea na vipimo vingine.

Ndizi zilizoiva humenywa, zikatiwa maji katika pipa au sufuria kubwa na kuchemshwa kwa saa nyingi kwa moto wa kuni, hadi ziwe rojo lenye wekundu wa kahawia. Rojo hilo huachwa lipoe, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kukaa siku kadhaa likichachuka. Katika hatua hii huitwa nyalu, na maji yatakayochujwa humo ndiyo mwili wa mbege. Muda wa kuchemsha husomeka kwenye rangi. Mbege iliyochemshwa vya kutosha ina rangi ya udongo mwekundu wa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, baada ya mvua. Iliyoondolewa motoni mapema huwa ya manjano iliyopauka, na harufu yake ni ya ndizi iliyopondwa, si ya ndizi iliyopikwa. Kasoro ya upande wa pili ni kuungua. Pipa lisilokorogwa hushika chini, na harufu ya kuungua haifichiki. Wapo wanaoisifu kwamba ni moshi wa kuni, lakini moshi wa kuni katika mbege njema ni mwepesi na hutoweka baada ya funda la kwanza, ilhali uunguzi hukaa kooni mpaka kata inaisha.

Ulezi ndio unaostahili macho makali zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye ustadi mwingi na ulaghai mwingi. Punje hulowekwa, hutandazwa na kufunikwa zichipue kwa siku chache, hukaushwa juani, kisha husagwa. Kuchipua huanza kugeuza wanga wa punje kuwa sukari, na ndiko kunakoupa unga wa kimea utamu wake na harufu inayokaribia ile ya punje zilizokaangwa. Zamani Wachagga walilima ulezi wenyewe kwa maji ya mifereji iliyotoka kwenye mito ya mlima. Siku hizi sehemu kubwa hununuliwa sokoni, na mnunuzi wa Desemba hukuta bei imepanda. Hapo ndipo wengine wanapopunguza kimea au kukichanganya na unga mwingine. Mbege yenye kimea haba hujulikana kwa wembamba wake. Hupita kinywani kama maji ya matunda, bila ule uzito wa uji unaoifanya mbege iwe kinywaji na chakula kwa pamoja.

Kimea kilichonyeshewa au kuhifadhiwa kabla hakijakauka huota ukungu, na harufu ya stoo yenye unyevu huingia moja kwa moja kwenye pombe. Mbege ya namna hiyo imwagwe, hata kama ladha yake inavumilika, kwa kuwa ukungu wa nafaka unaweza kuacha sumu isiyoondolewa na moto. Kasoro nyepesi kuliko hiyo, ambayo inaudhi vilevile, ni mchanga. Ulezi ni punje ndogo mno na mara nyingi huanikwa karibu na ardhi, hivyo usipopepetwa na kuoshwa kwa uangalifu hubeba changarawe laini. Jino hugundua upesi kuliko jicho. Mpishi aliyeutoa mchanga wote katika ulezi wa sherehe ya watu mia mbili amefanya kazi ambayo hakuna mgeni atakayeiona, na ni haki asifiwe kwa hiyo kabla ya kusifiwa kwa utamu.

Unga wa kimea hupikwa uji, unaoitwa mso, ukapoa, ndipo ukachanganywa na maji ya nyalu yaliyochujwa. Kupoa huku si jambo dogo. Uji wa moto huua chachu iliyokwisha kukua ndani ya nyalu, na mbege hulala badala ya kuamka. Mpishi mwenye haraka akishaona imelala huongeza hamira ya mkate au sukari ya dukani. Mbege ya sukari huwa tamu mbele ya ulimi na tupu nyuma yake, haina harufu ya ndizi inayolingana na utamu wake, na hupanda kichwani upesi bila kushibisha.

Msesewa, ambao wanabotania huuita Rauvolfia caffra, ni mti mkubwa unaopenda kingo za mito. Magome yake hukaushwa na kuchemshwa, na maji yake machungu huingizwa katika mbege kufanya kazi ileile inayofanywa na hopsi katika bia, yaani kuuzuia utamu usichoshe. Uchungu wake hupimwa kwa wakati unaojitokeza. Katika mbege iliyosawazika utamu wa ndizi hutangulia, ukali wa chachu hufuata, na uchungu huja mwisho, ukaondoka kabla ya funda linalofuata na kumfanya mnywaji alitamani. Uchungu unaotangulia au unaoganda kwenye paa la kinywa umetiwa kupita kiasi, mara nyingi ili kufunika mbege iliyoanza kuwa siki. Kuna sababu nyingine ya kutaka kipimo. Msesewa ni wa jenasi moja na Rauvolfia serpentina ya India, ambamo mwaka 1952 wanakemia waliitenga reserpini, dawa iliyokuja kutumika kushusha shinikizo la damu. Magome ya miti ya ukoo huo yana nguvu, na mpishi anayejua kazi yake hayatupi chunguni bila kipimo.

Baada ya kuchanganywa, mbege ina maisha mafupi, na hakuna ustadi unaoyarefusha sana. Iliyochanganywa jioni huwa bado tamu na nzito asubuhi. Kuanzia adhuhuri hadi usiku wa siku hiyo hukaa sawa, utamu na ukali vikipatana. Kesho yake huwa kali, yenye uchachu wa wazi, na wako wazee wanaoipenda hivyo kuliko hali nyingine yoyote. Baada ya hapo inaelekea kuwa siki. Mwendo huu hutegemea joto, na Desemba mlimani si Julai. Wakati wa Krismasi hewa ni ya joto na chachu hukimbia. Urefu wa mahali pia huhesabika. Vijiji vingi vya vihamba viko kati ya takribani mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Moshi uko chini yake, hivyo mbege iliyotulia vizuri kijijini asubuhi huweza kuwa imepita wakati wake ikifika mjini jioni.

Ukirudi nyuma kutoka tarehe 25, mbege itakayonywewa baada ya ibada inapaswa kuchanganywa jioni ya tarehe 24, ndizi ziwe zimechemshwa karibu tarehe 19 au 20, na mikungu iwe imekatwa si baada ya tarehe 13. Ulezi nao uwe umelowekwa karibu na siku hizo au kabla. Ndiyo maana swali lenye faida kuliko yote klabuni, yaani mahali mbege inapouzwa, si la bei. Mnunuzi huamkia kwanza, kisha huuliza, “Mama, ndizi hizi mlizikata lini?” Mpishi mzuri hujibu kwa tarehe, na mara nyingi huongeza zilikovundikwa na nani aliyechipusha ulezi. Anayejibu kwamba mbege ni nzuri tu, aonje kwanza, hajajibu.

Kuonja kwenyewe kuna utaratibu. Mbege hukorogwa kabla ya kuchotwa, kwa sababu ulezi hujitenga na maji, na kata iliyochotwa juu juu haiwakilishi pipa. Baada ya kukorogwa hutazamwa. Mbege yenye mwili hukaa imechanganyika kwa muda na kuacha utando mwembamba kwenye ukingo wa kata; iliyoongezwa maji hujigawa haraka, ulezi ukienda upande wake na maji upande wake. Povu zuri ni la vitone vidogo vinavyopanda polepole. Pipa lisilo na dalili yoyote ya uhai ama limeuawa na uji wa moto ama limemaliza safari yake. Pua hufuata, ikitafuta ndizi iliyopikwa na nafaka. Harufu kali ya siki maana yake ni hewa na vijidudu vyake, kutoka pipa lililoachwa wazi au chombo kilichobaki na mabaki ya mbege ya zamani. Mwisho ni funda dogo, linalozungushwa kinywani kabla ya kumezwa. Utelezi wa mlenda ni ishara ya vijidudu visivyotakiwa, na hauna tiba.

Chombo hubadilisha hukumu. Kata ya kibuyu au ya mti, iliyokauka vizuri na isiyonuka, huionyesha mbege ilivyo. Jagi la plastiki hushika harufu za vinywaji vilivyotangulia, na mabaki ya sabuni huua povu, kwa hiyo mbege nzuri inaweza kuonekana imekufa kwa kosa la aliyeosha vyombo. Ni vyema pia kuonja kabla ya nyama. Krismasi ya Uchaggani ina mbuzi, supu ya kisusio na, penye harusi, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na mafuta yakishatanda ulimini uchungu wa msesewa hupungua kiasi cha kupotosha. Lakini kwa kunywa, tofauti na kupima, mafuta hayo ndiyo rafiki wa mbege. Uchungu wake hukata shahamu ya nyama choma vizuri kuliko bia nyingi za chupa.

Nyumbani kihambani desturi husaidia upimaji. Mwenyeji hutangulia kuonja mbele ya wageni, kisha kata hupewa wazee kwanza, ndipo ikashuka kwa umri. Wazee hawasemi mengi, lakini kata inayorudi kujazwa upya bila kuombwa ni ushahidi wa kutosha, na inayowekwa chini ikiwa na nusu yake pia ni ushahidi. Klabuni usalama huo haupo, na wiki ya sikukuu huwaleta wauzaji wasioonekana miezi mingine. Huko ni heri kununua kwa mpishi anayepika mwaka mzima, hata kama foleni yake ni ndefu, na kuliacha pipa ambalo mwenye nalo hataki likorogwe.

Wanaotaka kurudi na mbege mjini baada ya sikukuu hukabiliwa na joto na kilomita takribani 550 za kwenda Dar es Salaam. Mbege iliyokwisha kuchanganywa haifai safari hiyo. Inaendelea kuchachuka ndani ya dumu, hewa yake hujikusanya, na dumu lililofungwa kwa nguvu huvimba hata kupasuka, huku kilichobaki kikifika kikiwa siki. Kinachosafiri vizuri ni unga wa kimea uliokauka kabisa na magome makavu ya msesewa, kila kimoja kwenye mfuko wake, mbali na unyevu. Ndizi za kuvundika hupatikana popote penye soko, na mbege ya Januari ikapikwa huko huko, kwa siku zake zote.