Wito Usioitikwa: Aina za Migogoro katika La Nuit ya Elie Wiesel

Uhakiki wa migogoro aghalabu huishia kwenye orodha: mtu dhidi ya mtu, dhidi ya jamii, dhidi ya Mungu, dhidi ya nafsi yake. La Nuit (yaani “Usiku”), kumbukumbu ya Elie Wiesel kuhusu Maangamizi ya Wayahudi iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1958, ina aina zote hizo. Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo, ikitumiwa peke yake, huficha kinachoziunganisha: migogoro mikuu ya kumbukumbu hii imejengwa juu ya wito ambao hauitikwi.

Mgogoro ulio dhahiri zaidi ni wa Wanazi na Wayahudi, lakini ndani yake hamna mazungumzo. Lugha ya mkandamizaji ni amri. Haingoji jibu, hungoja utii. Hata jina la msimulizi, Eliezer, linafutwa na nambari A-7713.

Mgogoro wa mtu na jamii huanza kabla ya kambi. Moshe, mtumishi maskini wa sinagogi mjini Sighet, ananusurika mauaji ya halaiki na kurudi kuwaonya wenzake, wanamdhania mwendawazimu. Mwaka 1944, ndani ya behewa liendalo Auschwitz, Bi. Schächter anapiga mayowe kwamba anaona moto; abiria wenzake wanamfunga na kumpiga. Hapa wanaokataa kusikia ni wahanga wenyewe, na Wiesel hawafichi.

Katika Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Eliezer anakataa kumbariki Mungu, anamshitaki. Ni rahisi kuusoma msimamo huo kama ukanaji wa Mungu. Hata hivyo, mashitaka huhitaji mshitakiwa. Isitoshe, anapotambua kwamba mwana wa Rabi Eliahou alimtoroka babaye katika safari ya kulazimishwa, Eliezer anamwomba Mungu huyohuyo, ambaye anasema hamwamini tena, amwepushe na tendo kama hilo.

Ombi hilo linatufikisha kwenye mgogoro wa nafsi, ambao ndio kiini cha kazi hii. Huko Buchenwald, Januari 1945, baba mgonjwa anamwita mwanawe. Mwana, kwa kuhofia kipigo, haitiki. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kuitika “labeka” au “naam” aitwapo na mzazi hahitaji kufafanuliwa uzito wa kimya hicho.

Ukombozi wa kambi mwezi Aprili 1945 unamaliza mgogoro wa nje tu. Katika tukio la mwisho, Eliezer anajitazama kiooni na kuona maiti. Mgogoro wa nafsi haujasuluhishwa, na usimulizi wenyewe unaweza kusomwa kama itikio lililochelewa. Kwa hiyo, tunapofundisha kumbukumbu za aina hii, haitoshi kuwauliza wanafunzi nani anapingana na nani. Tuwaulize pia nani anaita, nani haitiki, na kwa nini.