Mzizi Unaobeba Maziwa

Ukitafuta skafu ya sufu iliyosokotwa na kufumwa Garissa, utarudi mikono mitupu. Kondoo wa Kisomali, yule mwenye kichwa cheusi na mafuta matakoni, hana sufu. Ana nywele fupi zilizolala mwilini, wala hazisokoteki. Katika joto linalopita nyuzijoto 35 nani angemwonea huruma kwa kukosa koti? Hata hivyo wanawake wa Garissa, Wajir na Mandera ni mabingwa wa uzi. Uzi wao huchimbwa.

Hufukua mizizi ya vichaka, kama vile asparagasi ya mwituni, wakaichana hadi zibaki nyuzinyuzi, wakazisokota kwa viganja. Kwa uzi huo husukwa dhiil, chombo cha maziwa cha Wasomali. Waborana na Wagabra, kule Isiolo na Marsabit, wana ndugu yake, gorfa.

Kazi huanzia kwenye kitako, duara dogo tu. Mzunguko hupanda juu ya mzunguko, kila mmoja ukishonwa kwenye ule wa chini yake. Hakuna kalibu. Tumbo linapanuka na shingo inabanwa kwa kipimo cha jicho, na uzi ukilegea mahali pamoja, hapo ndipo maziwa yatakapotokea. Basi msukaji huvuta, hukaza, hupapasa kwa kidole, huvuta tena. Hayo yote huingizwa kati ya kukama, kuteka maji na kulea, kwa hiyo chombo kimoja hula wiki nyingi.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba anajua pa kuishia. Vidole peke yake havizibi kila kitundu, naye hajidanganyi. Kazi iliyobaki huachiwa moshi: vijinga vya miti iliyochaguliwa hutiwa ndani, kifuniko kikafungwa, chombo kikatikiswa. Masizi huingia katikati ya nyuzi. Kisha huja maziwa yenyewe, mafuta yake yakipaka ndani na unyevu wake ukivimbisha mizizi hadi ikabanana. Moshi pia huwapunguza vijidudu, maziwa yakakaa zaidi, tena huyapa ladha ambayo mnywaji wa chai ya Garissa huitambua kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Mfinyanzi wa bonde la Mto Tana angeweza kuuliza: taabu yote hii ya nini, na udongo upo? Amuulize ngamia. Familia ya wafugaji ilihama na nyumba yake mgongoni mwa mnyama anayeyumba, anayepiga magoti ghafla, ambaye siku nyingine huamua kuangusha mzigo. Chungu hakivumilii safari hiyo. Dhiil huanguka, ikaokotwa, ikafungwa tena.

Siku hizi njiani ni mitungi ya plastiki. Ni rahisi, na simlaumu anayeichagua. Zaidi ya hayo, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, mifugo ikafa kwa wingi, na asiye na ngamia wa kukama hana haja ya kusuka. Ila wapo wachuuzi wa maziwa ya ngamia wanaoifukiza hata mitungi hiyo ya plastiki, maana wateja wanaitaka ladha ile. Huifukiza tena na tena, kwa kuwa plastiki haina nyuzi za kuunyonya moshi.